Herufi 茶: kuiandika, kuitamka na kujua ilikotoka

Mswahili anayeanza kujifunza Kichina ana neno moja alilonalo mdomoni kabla hata hajanunua daftari. Chai yetu na 茶 ya Wachina ni neno lile lile lililosafiri. Ndiyo maana herufi hii inafaa kuanza nayo, na ndiyo maana pia inawaponza wengi: mtu akishadhani anaijua, haitafuti tena sauti yake halisi, wala haangalii mistari yake inaishia wapi.

Hapa tunaichukua herufi hii moja tu na kuishughulikia mpaka iishe. Usiruke hatua. Wanafunzi wengi hukimbilia asili kwa kuwa ina hadithi, lakini asili ya 茶 imekaa kwenye mstari mmoja uliopunguzwa, na mstari uliopunguzwa hauonekani kwa mtu ambaye mkono wake haujaizoea ile iliyobaki.

Tayarisha daftari la hesabu lenye miraba, penseli, kipande cha tishu chenye upana wa vidole viwili, na simu ya kurekodia sauti.

Hatua ya 1: Igawe vipande vitatu

Juu kuna 艹, alama ya majani na mimea midogo. Katikati kuna umbo la 人, ambalo likisimama peke yake ni mtu. Chini kuna umbo linalokaribiana na 木, mti. Ukihesabu mstari mmoja kila penseli inapogusa karatasi na kuinuka, unapata 3, kisha 2, kisha 4. Jumla 9. Kamusi za Taiwan zitakuambia 10. Si kosa, huko ule mlalo wa 艹 hukatwa katikati ukawa miwili.

Kipande cha juu ndicho bushou, yaani sehemu ambayo kamusi hutumia kuzipanga herufi katika makundi. Katika mpangilio wa zamani wa makundi 214, majani ni kundi la 140. Kuitafuta 茶 kwenye kamusi ya karatasi, fungua kundi la majani, halafu hesabu mistari iliyobaki chini yake: 6. Hesabu hiyo ya 6 haibadiliki iwe kamusi ni ya Beijing au ya Taipei, kwa hiyo itegemee hiyo kuliko jumla.

Habari njema nyingine ni kwamba herufi hii haikuguswa wakati China ilipozirahisisha herufi zake katika karne ya 20. Ukiijua, umeijua kwa Beijing, Hong Kong, Taipei na hata Tokyo.

Hatua ya 2: Iandike

Unganisha miraba ya daftari upate mraba mmoja wa sentimita 2 kwa 2, kisha uugawe kwa mstari wa kulala na wa kusimama upate vyumba vinne. Watoto wa shule nchini China hujifunzia ndani ya mraba wa namna hii. Huitwa tiánzìgé kwa kuwa unafanana na herufi 田, shamba.

1. Mlalo wa juu, kutoka kushoto kwenda kulia.
2. Wima mfupi wa kushoto, unaoukata mlalo.
3. Wima mfupi wa kulia, vivyo hivyo.
4. Mshazari unaoanzia katikati, chini kidogo ya majani, na kuteremka kushoto.
5. Mshazari unaoanzia hapo hapo kileleni na kuteremka kulia.
6. Mlalo mfupi, chini ya hiyo mishazari miwili.
7. Wima unaoukata mlalo huo na kushuka moja kwa moja hadi chini.
8. Mkato mfupi upande wa kushoto wa wima.
9. Nukta upande wa kulia.

Mistari ya 4 na 5 ndiyo inayobeba sura ya herufi. Ifikirie kama paa la makuti: lazima lipite kuta pande zote mbili. Wanaoanza hulibana paa, na matokeo yake kipande cha chini hukosa pa kukaa, kikaanguka nje ya mraba. Kilele cha paa na wima wa mstari wa 7 vikae kwenye mstari mmoja, juu ya ule wa kusimama unaougawa mraba wako. Vikipishana hata milimita 2, herufi nzima inaonekana imelewa.

Makosa mengine matatu hujirudia. La kwanza ni kuweka ndoano mwishoni mwa mstari wa 7. Hakuna ndoano katika maandishi sanifu ya China. Wima unasimama wima. Kosa hili hata watoto wa Kichina hulifanya, kwa sababu 余, ambayo tutakutana nayo mbele, ina ndoano mahali hapo hapo. La pili ni kuirefusha mistari ya 8 na 9 kama vile unaandika 木 kamili. Hapo itagongana na paa. Waandishi wa Kichina wana kanuni ya zamani kwamba herufi moja haibebi mikia miwili mirefu ya kulia. Mkia umekwisha chukuliwa na mstari wa 5, kwa hiyo wa 9 unabaki nukta. Ukiielewa kanuni hii moja utakuwa umejisahihisha kwenye herufi nyingi nyingine.

Kosa la tatu ni kubwa kuliko yote: kuongeza mlalo wa pili kati ya paa na mstari wa 6. Ukifanya hivyo hujaandika 茶 mbaya, umeandika neno jingine kabisa, 荼. Tutarudi kwake.

Andika mara kumi polepole, kisha funika daftari na uandike mara tatu kwa kukumbuka. Ukikwama, karibu kila mara ni kwenye mstari wa 6.

Hatua ya 3: Tafuta mahali pa ulimi

Katika pinyin, yaani Kichina kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini, herufi hii ni *chá*. Tahajia inatudanganya Waswahili, kwa sababu inaonekana kama *cha* yetu.

Sema neno *chai* taratibu na usimame kwenye *ch*. Kwa wasemaji wengi, uwanda wa mbele wa ulimi unabanwa nyuma ya ufizi wa juu na ncha imelegea. Kwa Kichina, kazi inafanywa na ncha. Inua ncha ya ulimi, iguse pale ufizi unapoishia na kaakaa kuanza kupinda kwenda juu, huku kingo za ulimi zikigusa magego ya juu. Usiikunje ncha mpaka nyuma kabisa. Ukihisi ulimi unauma, umezidisha.

Sasa ongeza pumzi. Shikilia tishu sentimita 5 mbele ya midomo. Kwa *chá* lazima iruke. Ikitikisika kidogo tu, Mchina amesikia *zhá*, sauti nyingine yenye maneno yake. Wasemaji wa pwani ya kaskazini, Mombasa na Lamu, wana faida hapa, kwa kuwa lahaja zao bado zinatenganisha paa mnyama, ambaye *p* yake ina mpumuo, na paa la nyumba, ambalo *p* yake ni kavu. Tofauti kati ya *ch* na *zh* ya Kichina imejengwa juu ya mpumuo huo huo. Asiyetoka huko afanye zoezi la tishu kila siku kwa wiki moja: *zhá*, *chá*, *zhá*, *chá*, akihakikisha tishu inatulia na kuruka kwa zamu.

Baada ya *ch* ni *a* ya Kiswahili, wazi kabisa. Na hapo unanyamaza. Usimalizie kwa *-i*. Hili tunalisisitiza kwa sababu mazoea yetu yote yanatuvuta kusema *chai*, na Kichina kina neno *chái*, 柴, lenye toni ile ile, yaani sauti inayopanda vile vile. Maana yake ni kuni.

Hatua ya 4: Panda na sauti

Alama iliyo juu ya *á* ni toni ya pili, inayopanda. Mwanaisimu Zhao Yuanren alipendekeza mwaka 1930 ngazi tano za kupimia toni, 1 chini kabisa na 5 juu kabisa, na toni ya pili huandikwa 35: inaanzia katikati na kufika juu.

Kiswahili hakina toni za maneno lakini kina mpando wa kuuliza. Mtu akikuita kwa mbali na hukumsikia vizuri, unaitika "Ee?" huku sauti ikipanda. Huo ndio mpando unaoutaka. Kosa la kawaida ni kuanzia chini mno, ngazi ya 1 au ya 2, ukidhani utapata nafasi kubwa ya kupanda. Mwishoni sauti inachoka na msikilizaji anasikia toni ya tatu. Anzia pale sauti yako inapokaa unapoongea kawaida.

Neno halisimami peke yake kwenye mazungumzo, kwa hiyo usilizoeze peke yake. Zungusha *chá* mbele ya kila toni:

茶杯 *chábēi*, kikombe cha chai
茶壶 *cháhú*, birika
茶馆 *cháguǎn*, nyumba ya chai
茶叶 *cháyè*, majani ya chai

Kisha iweke nyuma ya kila toni:

喝茶 *hē chá*, kunywa chai
红茶 *hóngchá*, chai nyekundu
奶茶 *nǎichá*, chai ya maziwa
绿茶 *lǜchá*, chai ya kijani

Ukiyaweza manane haya umeipitisha 茶 katika jirani zote. Gumu zaidi huwa *hóngchá*, kwa sababu inabidi upande, ushuke kimyakimya, kisha upande tena. Wengi hupanda mara moja tu na kuiacha *chá* ikielea juu, ikawa toni ya kwanza. Jirekodi, sikiliza, kisha linganisha na sauti ya kamusi ya simu. Usijihukumu wakati unatamka, kwa sababu sikio la msemaji humsamehe msemaji.

Hatua ya 5: Jua inabeba nini

茶 ni mmea, ni majani makavu, na ni kinywaji. Pia hutumika kwa vinywaji visivyo na jani la chai hata moja: 菊花茶 *júhuāchá* ni maua makavu ya krisanthemo kwenye maji moto, na 姜茶 *jiāngchá* ni ya tangawizi. Hapa Kichina na Kiswahili vinakwenda pamoja, kwani nasi huita chai hata mchaichai mtupu. 茶色 *chásè* ni rangi ya kahawia.

Panapopotosha ni kwenye rangi. Ile inayovunwa Kericho, Mufindi au Rungwe na kuchakatwa mpaka majani yakawa meusi, ambayo tukiinywa bila maziwa tunaiita chai ya rangi, kwa Mchina ni 红茶, chai nyekundu. Yeye ametazama kilichomo kikombeni. Wapo wanaotafsiri neno kwa neno kutoka lugha za Ulaya, wakaandika 黑茶 *hēichá*, chai nyeusi. Hiyo ipo, lakini ni bidhaa nyingine: chai iliyochachushwa na kuhifadhiwa, kama Pu'er iliyoivishwa ya mkoa wa Yunnan. Mfanyabiashara anayeandika 黑茶 kwenye gunia la chai ya Afrika Mashariki anatangaza kitu asicho nacho. Andika 红茶.

Kuagiza unahitaji neno la kipimo. Kikombe kimoja cha chai ni 一杯茶 *yì bēi chá*. Birika zima ni 一壶茶 *yì hú chá*. Vikombe viwili ni 两杯茶 *liǎng bēi chá*, si *èr bēi chá*, kwa sababu Kichina kina "mbili" ya kutaja namba na "mbili" ya kuhesabu vitu. Ukiagiza 奶茶 kwenye maduka ya mijini China, usitarajie chai ya maziwa iliyochemshwa sufuriani. Mara nyingi itakuja baridi, tamu sana, na gololi za wanga wa muhogo chini ya glasi.

Usizihamishe maana zetu za mtaani. Kwetu chai inaweza kuwa kifungua kinywa, rushwa, au, kwa vijana wa Tanzania, hadithi ya uongo. 茶 haibebi hayo. Kifungua kinywa ni 早饭 *zǎofàn*, ingawa Guangdong wana desturi ya 早茶 *zǎochá*, chai ya asubuhi inayokuja na vitafunwa vingi mpaka ikawa mlo kamili. Nayo 茶 ina maana zake za mtaani: mtu akisema amealikwa "kunywa chai" huku amepunguza sauti, huenda anamaanisha ameitwa na vyombo vya usalama kuhojiwa. Na usimwite mwanamke 绿茶 kwa kumsifia; kwa lugha ya siku hizi ni tusi la mtu anayejifanya mwema.

Hatua ya 6: Ondoa mstari mmoja

Sasa mkono uko tayari. Andika 荼, yaani 茶 yenye mlalo mmoja zaidi chini ya paa, mistari 10. Husomwa *tú*. Hiyo ndiyo mama.

荼 iliundwa kwa njia ya kawaida kabisa ya Kichina: kipande kimoja cha maana, kingine cha sauti. Majani 艹 juu yanasema "huu ni mmea". Chini ni 余, iliyowekwa kwa ajili ya sauti yake tu. Zamani 荼 ilitaja mboga chungu ya majani. Katika mashairi ya kale ya Kichina uchungu wake ni wa kupigiwa mfano, na ukitaka kuukaribia fikiria mchunga. Jani la chai nalo ni chungu, likaangukia ndani ya jina hilo hilo. Mwaka 59 KK, huko Sichuan, Wang Bao aliandika mkataba wa kumnunua mtumwa uliojaa orodha ya kazi, na miongoni mwazo ni kuchemsha 荼 na kwenda kuinunua mji wa Wuyang. Kamusi ya Xu Shen, iliyokamilika karibu mwaka 100 BK, ina 荼 lakini haina 茶. Wakati huo mlalo ule ulikuwa bado haujaondolewa.

Uliondoka katika enzi ya Tang, karne ya 8. Unywaji wa chai ulikuwa umeenea, na neno moja kwa mboga chungu na kwa kinywaji cha kila siku halikutosha tena. Lu Yu (733–804), aliyeandika kitabu cha kwanza kamili juu ya chai, alitumia 茶, na umaarufu wa kitabu chake uliisaidia tahajia hiyo kushika. Mhariri Xu Xuan alipoipitia upya kamusi ya Xu Shen mwaka 986, ilimbidi aongeze maelezo chini ya 荼 kwamba hiyo ndiyo 茶 ya siku hizi.

Kwa hiyo ukikutana na picha inayodai kuonyesha 茶 kwenye mifupa ya utabiri ya miaka 3,000 iliyopita, usiiamini. Herufi hii haikuwepo. Vilevile maelezo matamu yanayosema 茶 ni "mtu kati ya majani na mti" ni njia nzuri ya kukumbuka, itumie bila wasiwasi, lakini si asili. Yule "mtu" na ule "mti" ni mabaki ya 余 iliyokatwa mstari. Kuna mchezo mwingine wa namna hiyo: majani 艹 yasome kama kumi mbili, 20, paa na kilicho chini yake visome 八十八, yaani 88. Jumla 108. Japani umri wa miaka 108 huitwa *chaju*, umri wa chai.

Utauliza: kama 余 iko kwa ajili ya sauti, mbona leo 余 ni *yú*, 荼 ni *tú* na 茶 ni *chá*? Sauti zilihama kwa karne nyingi, herufi zikabaki. Ushahidi uko kwenye ndugu zake: 途 *tú*, njia, na 除 *chú*, kuondoa, zote zimebeba 余. *T* na *ch* katika familia hii ni tawi moja lililogawanyika.

Mgawanyiko huo ndio ulioipa dunia majina mawili ya chai. Lugha za Min, pwani ya Fujian, zilibaki na *t*, na huko Xiamen 茶 ni *tê*. Waholanzi walionunua chai kwa njia hiyo katika karne ya 17 wakasema *thee*, na Ulaya Magharibi karibu yote ikafuata. Wareno waliokaa Macau, wanakosema Kikantoni, wakachukua *chá*. Njia za bara zikaipeleka *cha* hadi Uajemi, ambako ilivaa mkia ikawa *chāy*, na kwa Uajemi na Bara Hindi ikatufikia sisi: chai. Kiarabu sanifu hakina *ch*, kikasema *shāy*. Ile *-i* uliyokatazwa kuitamka katika hatua ya 3 iliongezwa njiani.

Hatua ya 7: Jihadhari na 荼 iliyobaki

荼 haijafa. Iko ndani ya 荼毒 *túdú*, kudhuru vibaya, na 如火如荼 *rúhuǒ rútú*, "kama moto, kama *tú*", ambapo *tú* ni maua meupe ya nyasi. Husemwa kwa shughuli iliyopamba moto. Magazeti huitumia sana, na msomaji mwenye haraka hutamka *rúhuǒ rúchá*. Ukiona maneno manne yanayoanza na 如火, tafuta mlalo wa ziada.

Kwenye simu, ukiandika *cha* kwa pinyin utaletewa pia 查 *chá*, kukagua, 差 *chà*, kupungua au kuwa duni, na 插 *chā*, kuchomeka. Andika neno zima, *hongcha* au *hecha*, na simu itachagua sawasawa. 荼 haitakuja kwa *cha*, inaandikwa *tu*.

Jipime kwa msemo ambao kila Mchina anaujua, unaotaja mahitaji saba ya kufungulia mlango wa nyumba kila siku:

柴米油盐酱醋茶
*chái mǐ yóu yán jiàng cù chá*
kuni, mchele, mafuta, chumvi, mchuzi wa soya, siki, chai

Unaanza na *chái* na kumalizia na *chá*. Uandike kwa kukumbuka, urekodi, kisha mpe mtu anayejua Kichina asikilize neno la kwanza na la mwisho tu, na akuambie ni lipi kuni na lipi chai.